Wish ya 1ZZ: msimbo P0171 unafutwa, unarudi. Nisaidieni kabla sijanunua sensa ya pili

Dereva_wa_Busia

Ndugu zangu, habari za huko. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimechoka na pesa inaisha.

Nina Toyota Wish ya 2004, enjini 1ZZ, cc 1800, gia otomatiki. Nabeba abiria wa kukodi kutoka hapa Busia hadi Kampala na kurudi, mara tatu au nne kwa wiki. Kwenda peke yake ni karibu kilomita 200. Gari hili ndilo shamba langu. Likilala siku mbili, nyumbani wanajua.

Shida ilianza asubuhi moja ya mvua. Niliwasha, likatetemeka kama linashikwa na homa. Mshale wa mizunguko unapanda 1,200, unashuka 500, unapanda tena. Nikiweka D huku nimekanyaga breki linataka kuzima. Lakini likishashika mwendo linatulia kabisa! Mlima wa msitu wa Mabira linapanda na abiria sita bila kulalamika. Hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu gari gonjwa nijuavyo mimi hushindwa mlimani, halishindwi likiwa limesimama kwenye taa za barabarani. Taa ya njano ya enjini iliwaka nikiwa karibu na Bugiri. Haipepesi, imewaka tu. Na mafuta yameongezeka: zamani lita 17 zilinifikisha Kampala, sasa zinapita 20.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine, ikasema P0171. Fundi akaniambia mchanganyiko ni mwembamba, yaani hewa ni nyingi na mafuta ni machache, akaufuta msimbo, nikalipa shilingi 20,000. Taa ikakaa imezimika siku mbili, ikarudi. Gereji ya pili wakasoma msimbo uleule, wakasema sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, imekufa. Nikanunua iliyotumika kwa 180,000, ufundi 30,000. Siku mbili, taa hiyo. Gereji ya tatu wakachomoa betri nusu saa, wakanirudishia funguo. Siku mbili tena! Sasa wananiambia sensa niliyouziwa pia imekufa, ninunue nyingine. Mwenzangu wa stendi naye anasema nikate katalaiza, kile kisafisha moshi cha ekzosi, niweke bomba tupu.

Nilinunua kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani ili nijisomee mwenyewe. Simu inakiona, lakini kikifika kwenye gari hakishiki.

Naomba kujua: sensa mbili zinaweza kufa kwa mpigo? Na mimi nisiye fundi ninaweza kuangalia nini kwa mikono yangu kabla ya kutoa pesa nyingine?

Mzee_wa_Malori

Pole sana kijana wangu. Nimeendesha malori Mombasa hadi Kampala miaka mingi, na kwa uzoefu wangu mchanganyiko mwembamba maana yake mafuta hayafiki. Umejaza wapi siku hizi? Kuna petroli inayouzwa kwenye madumu kando ya barabara, ina maji na takataka. Mwaga tangi lote, badilisha filta, weka petroli safi ya kituo unachokiamini. Usiharakie sensa.

Fundi_Tororo

Kaka Dereva, pole na safari. Mimi ni mwanamke fundi, niko Tororo, magari madogo ya petroli ndiyo kazi yangu ya kila siku. Usinunue sensa yoyote kwa sasa. Wala usikate kitu. Kukata katalaiza hakuondoi P0171 hata chembe, na kama gari lako lina sensa ya oksijeni ya nyuma, baada ya katalaiza, utajiongezea msimbo wa pili, P0420, wa katalaiza kutofanya kazi, juu ya huu ulio nao.

Nianze na maana ya huo msimbo, kwa sababu umelipa zaidi ya laki mbili bila mtu kukueleza. P ni upande wa enjini na gia. Sifuri inayofuata inamaanisha ni msimbo wa wote, Toyota, Nissan, Subaru, yeyote. 1 ni kundi la hewa na mafuta. 71 ndiyo habari yenyewe: kompyuta inaongeza petroli, inaongeza, imefika mwisho wa ruhusa yake, na bado inaambiwa hewa ni nyingi. Enjini ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Anayeiambia kompyuta kwamba hesabu haikukaa sawa ni hiyohiyo sensa ya oksijeni. Sasa fikiria: mlinzi anapiga kelele kwamba mwizi kaingia, wewe unamfukuza mlinzi. Unaajiri mlinzi mpya, naye usiku wa pili anapiga kelele ileile. Sensa zako mbili zimekuambia neno moja. Mimi ningeziamini.

Kwa nini siku mbili? Misimbo mingi ya aina hii kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Inaona kosa safari ya kwanza, inalihifadhi kimyakimya, ikiliona tena safari inayofuata ndipo inawasha. Kwa hiyo kila aliyekufutia alikuuzia muda wa safari mbili, basi. Kuchomoa betri ni vilevile, na kwenye hilo kompyuta inasahau hata marekebisho iliyojifunza, ambayo ndiyo ushahidi tunaoutaka.

Mzee wangu wa Malori, shikamoo. Nakubali petroli mbovu ipo, na huwa namwaga matangi. Ila dalili za huyu ndugu zinakataa. Pampu ikiwa dhaifu au filta ikiziba, gari linateseka linapohitaji mafuta mengi, yaani pale pale Mabira likiwa limejaza abiria. Lake linateseka likiwa limesimama, na mlimani linapona. Hiyo ni alama ya hewa ya wizi, hewa inayoingia baada ya sensa ya kupima hewa, kwa hiyo haikuhesabiwa. Gari likiwa limesimama linavuta hewa kidogo sana, tundu dogo tu linaharibu hesabu yote. Ukikanyaga, linavuta nyingi, tundu lilelile linakuwa si kitu.

Sasa fanya hivi. Tafuta mtu mwenye mashine inayoonyesha namba zinazotembea, si misimbo peke yake. Asifute chochote. Mwambie afungue LTFT na STFT. Hizo ni asilimia za mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ya kwanza ni ya muda mrefu, ya pili ni ya papo hapo. Gari zima liko kati ya −10 na +10, bora zaidi likiwa karibu na sifuri. Enjini iwe imepata moto, zima AC, andika namba likiwa limesimama. Kisha kanyaga ushikilie mizunguko 2,500 kwa nusu dakika, andika tena. Niletee namba nne hizo. Zikiwa juu sana kwenye kusimama na zikashuka kwenye 2,500, ni hewa ya wizi. Zikipanda unapokanyaga, nitamwomba radhi Mzee na tutakwenda kwenye pampu.

Wakati huohuo fungua boneti asubuhi enjini ikiwa baridi, chukua tochi, gusa kila mpira wa hewa. Kwenye 1ZZ mimi huanza na mpira mfupi unaotoka kwenye vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili enjini, juu ya kifuniko cha enjini, kwenda kwenye menifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Miaka 20 ya joto huugeuza mgumu kama plastiki, na unapasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Upindue kwa vidole. Halafu mpira mnene wa hewa wenye mikunjo, unaotoka kwenye filta ya hewa, fungua mkunjo mmoja mmoja. Halafu mpira wa hewa wa breki. Halafu gasketi ya menifoldi yenyewe.

Ukishaangalia kwa macho, washa gari, chukua chupa ya kupulizia, weka maji na sabuni kidogo, pulizia kwenye viungo kimoja kimoja bila kulowesha koili za plagi. Pale mlio utakapobadilika, umefika. Wapo wanaopulizia dawa ya kabureta, inaonyesha haraka zaidi, lakini inashika moto, na ekzosi iko jirani. Mimi siiruhusu kwenye gereji yangu.

Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Nilipokuwa najifunza kazi, gari la mwalimu mmoja wa shule ya msingi lilikuja na msimbo huuhuu. Tulimbadilishia sensa mbili na pampu. Kila mara alilipa kwa mkopo. Mwisho ilikuwa mpira uliochomoka nyuma ya menifoldi, ukarudishwa kwa mkono bila hata spana. Hakudai kitu, alishukuru tu akaondoka. Nikamfuata getini, sikujua nimwambie nini.

Spea_Jinja

Naongezea kuhusu kidude chako cha Bluetooth. Si lazima kiwe kibovu. Wish nyingi zilizoletwa huku zilitengenezwa kwa soko la Japani, na magari ya huko ya miaka hiyo yana tundu la matobo 16 kama ya Marekani, ila lugha inayopita ndani mara nyingi haifanani. Kidude cha bei nafuu kinauliza kwa Kimarekani, gari halijibu. Kuna mashine zinazojua Toyota za Japani, na hata programu za simu zenye sehemu ya kuchagua Toyota ya Japani. Jaribu hapo kwanza. Ila pia kuna vidude vya kuiga ambavyo vimepunguzwa ndani, hivyo havitashika hata ufanyeje.

Kuna njia ya zamani isiyotaka mashine. Kwenye tundu hilo, upande mpana ukiwa juu, tobo la 4 ni safu ya juu, la nne kutoka kushoto. Tobo la 13 ni safu ya chini, la tano kutoka kushoto. Funguo ikiwa imezimwa, unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, kisha washa funguo bila kuwasha enjini. Toyota nyingi za Japani za wakati huo zitaanza kupepesa taa ya enjini. Mara mbili, kimya kidogo, mara tano: hiyo ni 25, ndugu yake P0171. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna msimbo. 31 ni sensa ya kupima hewa, 22 ni sensa ya joto la maji. Hesabu matobo mara mbili kabla hujagusa! Tobo la 16 lina moto wa betri wakati wote. Ukiligusisha na la 4 unachoma fyuzi, kama una bahati.

Na mimi nauza spea, lakini nasema: sensa ya oksijeni iliyotumika usinunue kamwe. Hujui ilikula moshi wa enjini gani.

Dereva_wa_Busia

Asanteni sana wote. Dada Fundi, sikulala, nimesoma jibu lako mara tatu.

Jana nilifanya ya waya kwanza. Mara mbili, kimya, mara tano. 25! Nilikaa kwenye kiti nikiitazama ile taa inavyopepesa, mara ya kwanza gari hili linaongea na mimi mwenyewe bila mtu katikati.

Leo nilimpata kijana hapa Busia mwenye mashine inayoelewa Wish. Alitaka kufuta, nikamshika mkono. Namba ni hizi. Likiwa limesimama: LTFT +21, STFT +7. Kwenye 2,500: LTFT +9, STFT +1.

Mpira wa PCV niliupata. Juu unaonekana mzima. Niliupindua kama ulivyosema, chini una ufa wa urefu wa kidole, unafunguka kama mdomo. Picha nimeshindwa kuipandisha, mtandao wa hapa mpakani unaruka ruka kati ya nchi mbili. Nifunge na gundi na utepe wa umeme mpaka nipate mwingine?

Fundi_Tororo

Kaka, namba zako zimenifurahisha kweli, na kijana aliyekubali kutofuta mwambie asante yangu. 28 kwa jumla ikiwa imesimama, 10 ukikanyaga. Mpira huo ni mwizi wako.

Utepe usitumie, mvuke wa oili unailainisha gundi na baada ya siku chache unavutwa ndani. Nunua mpira wa mafuta wa petroli wa kipenyo kilekile, ule mgumu wenye nyuzi ndani. Usichukue mpira wa maji wa bustani, utajikunja ukinyonywa. Chukua na vibanio vipya. Ukiutoa, chomoa na vali ya PCV yenyewe uitikise: ikilia tik tik ni nzima, ikinyamaza imekwama.

Ila tazama hiyo +9 kwenye 2,500. Tundu lile peke yake huenda lisingeacha namba kubwa namna hiyo kwenye mizunguko ya juu. Nadhani kuna jambo la pili, dogo. Funga mpira kwanza, kisha nipe namba tena. Na tafadhali usifute.

Mzee_wa_Malori

Binti yangu, marahaba. Sihitaji kuombwa radhi, nimejifunza. Kwenye dizeli zetu mambo ni mengine. Kijana, ukimaliza niambie ulitumia kiasi gani.

Dereva_wa_Busia

Nimerudi. Mpira na vibanio viwili, 15,000. Vali inalia tik tik. Nilifunga mwenyewe pale nyumbani, mwanangu wa kiume akinishikia tochi.

Niliwasha. Mshale ulisimama kwenye 700 kama umepigiliwa msumari. Nikaweka D, nikakanyaga breki, kimya. Mke wangu alitoka nje akauliza kama gari limezima.

Nikampelekea kijana wa mashine. Hapo nikaogopa: STFT imekuwa −13, na LTFT bado +20. Nikadhani nimeharibu kitu kingine.

Fundi_Tororo

Hujaharibu. Hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote. LTFT bado inakumbuka ugonjwa, inaendelea kuongeza mafuta kwa mazoea. STFT imeona hewa ya wizi haipo, inakimbilia kuyapunguza. Endesha safari moja au mbili za kawaida, ya muda mrefu itashuka polepole mpaka STFT irudi karibu na sifuri. Tukutane baada ya Kampala.

Dereva_wa_Busia

Nimekwenda na kurudi mara mbili. Njiani nilisimama Najjembe abiria wanunue kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, gari likabaki linaunguruma dakika kumi na tano bila kutikisika. Nilikuwa nimezoea kuzima pale kwa aibu.

Namba: limesimama LTFT +10, kwenye 2,500 LTFT +8. STFT zote zinacheza karibu na sifuri. Taa bado imewaka.

Fundi_Tororo

Basi la pili ni hilo. Kasoro ya tundu imeondoka, iliyobaki ni sawasawa kwenye kusimama na kwenye kukanyaga. Nashuku sensa ya kupima hewa ina vumbi, inahesabu hewa pungufu kuliko inayopita. Enjini kama hiyo ikiwa na moto na imesimama kwa kawaida huvuta kama gramu 2 hadi 3 kwa sekunde. Filta ya hewa uliibadilisha lini? Na huwa unaipuliza kwa upepo wa gereji?

Nunua dawa ya kopo iliyoandikwa kuwa ni ya sensa ya hewa. Dawa ya kabureta hapana, petroli hapana, kitambaa hapana, kidole hapana. Zile nyaya za ndani ni nyembamba kama unywele. Funguo imezimwa, chomoa plagi yake, fungua skrubu mbili, pulizia mara kumi hivi, iache ikauke robo saa bila kupulizwa. Rudisha. Na filta weka mpya.

Dereva_wa_Busia

Dada, filta ilikuwa imepasuka kwenye pembe. Tundu la kupitisha penseli. Ni kweli nilikuwa naipeleka kupulizwa kila mwezi nikidhani naitunza.

Filta mpya 35,000, dawa ya kopo 30,000. Sensa ilitoa maji meusi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Ijumaa namba ni +2 limesimama na +1 kwenye 2,500. Taa ilizimika yenyewe jana asubuhi nikitoka Iganga, hakuna aliyeigusa. Nilisimamisha gari pembeni nikapiga picha ya dashibodi nikamtumia mke wangu.

Mzee wangu, umeuliza gharama. Mpira 15,000, filta 35,000, dawa 30,000, na kijana wa mashine nilimpa 10,000 kila mara, mara nne. Jumla 120,000. Zile za mwanzo, pamoja na sensa, zilikuwa 230,000, bila kuhesabu gereji ya betri.

Nina swali moja limebaki. Ile sensa ya kwanza iliyotolewa gereji ya pili, niliondoka nayo, iko kwenye buti imefungwa gazeti. Naweza kuipima? Iliyoko sasa ni ya mtumba, na nikikumbuka maneno ya Spea_Jinja sina amani nayo.

Fundi_Tororo

Vizuri sana kuitunza. Pitia hapa Tororo siku usiyo na abiria, njia ya kutoka Busia ni fupi. Tutairudisha ile yako ya zamani, tuangalie kwenye mashine inavyojibu. Nikiongeza mafuta kidogo kwenye mchanganyiko, namba yake inatakiwa ipande upesi. Nikichomoa mpira mdogo wa hewa, inatakiwa ishuke upesi. Ikifanya yote mawili bila kusitasita, ndiyo tutakayoiacha kwenye gari, na ya mtumba utaweka kwenye gazeti. Njoo na spana ya 22 ya sensa kama unayo, yangu imeazimwa.